Mshono wa Mama Akello

Baba,

Kesi imekwisha. Jitayarishe, maana habari hii hutaipenda: hakimu ameifuta, na aliyeiua ni mimi binti yako.

Nimechoka, Baba. Miaka sita napanda na kushuka ngazi za mahakama kwa sababu Mama Akello, mwenye duka la sare ng'ambo ya barabara hapa Makindye, aliwaambia wazazi wawili wa Kibuli kwamba nguo zetu zikifuliwa mara moja mshono unaachia. Maneno ya barazani tu. Lakini wewe ulisema, "Mimi sishoni nguo, nashona jina," ukaifanya kampuni yetu ya mashine nne iishtaki kampuni yake ya mashine tano kwa kashfa. Ukafa, kampuni haikufa, nikabaki mimi na mafaili yako.

Asubuhi ya kusikilizwa wakili wetu aliniambia, "Nnyabo, bibi yangu, nitajie mteja mmoja aliyewakimbia. Mmoja tu, hata wa kubuni." Nikakifungua kitabu chako cha vipimo. Hata wale wazazi wawili wamo, wanarudi kila muhula, watoto wamerefuka tu. Nikashika Biblia nikasema ukweli, kwamba hakuna aliyetuacha. Hakimu akavua miwani. Akasema kuna watu wanasubiri miaka wasikilizwe kesi za mashamba yao, na sisi tunamletea umbea wa mafundi. Huko ni kuitumia mahakama vibaya. Akaifuta pale pale. Niliona aibu, halafu nikasikia njaa. Nikala chapati nje ya geti, nimesimama.

Sasa wakili anataka tukate rufaa. "Mzee angetaka," ananiambia. Najua ungetaka. Mwenye kovu usidhani kapoa, ndivyo ulivyokuwa ukinijibu kila nilipokuomba uiache.

Lakini kuna jambo sijakuambia. Wewe ndiye uliyetukataza: fundi hamshonei maiti wa nyumba yake, mkono unatetemeka, mshono unapinda. Mama alipofariki, ulipeleka kitambaa chake kwa fundi wa Lubaga. Ulipofariki wewe, yule mzee wa Lubaga alikuwa ameshahamia kwao, ilikuwa Jumapili, na duka lililokuwa wazi lilikuwa moja. Nilivuka barabara na kitambaa chako cha kijivu, nikilia kwa hasira. Mama Akello hakuuliza vipimo. Alisema, "Mabega ya Mzee nayajua, nimeyatazama miaka yote." Akalishona koti lako hadi jioni, na samansi ya kesi yako imebandikwa ukutani juu ya mashine yake.

Nisamehe, au usinisamehe, ila rufaa sikati. Ninachokuahidi ni hiki: hakuna nguo itakayotoka dukani kwako kabla sijauvuta mshono wake kwa mikono miwili, kama ulivyonifundisha.

Hata wa koti lako niliuvuta, kabla hawajafunga sanduku. Niliuvuta hapo begani kwa nguvu zangu zote, nikitamani uachie.

Haukuachia. Lala nalo salama, Baba.

Binti yako,
Nekesa