Shanga za Chumbani

Ndugu yangu, sijui nicheke au nijifiche!

Leo nimetoa matokeo ya uchunguzi wangu wa ule moto wa nyumba ya kupanga. Mwenye nyumba alishikilia kwamba mpangaji wake, fundi cherehani, aliacha pasi inawaka, kwa hiyo ahame na wanawe leo leo.

Sasa, waya ukipiga shoti shaba huyeyuka na kuacha vitone. Mimi huviita shanga, na ndizo hunionyesha moto ulikoanzia.

Nikasema kwa upole wangu huu: "Kwa fundi sikukuta shanga hata moja. Zote nimezikuta chumbani kwa mwenye nyumba, juu ya kitanda."



Juu ya kitanda! Kwa mdomo wangu mwenyewe!

Mke wa mwenye nyumba akainuka, akamgeukia mumewe: "Shanga za nani, Baba Pacha?"

Mume akanigeukia mimi: "Mhandisi, sema vizuri, utanivunjia ndoa!"

Nikatoa waya ulioungua. "Ni za shaba, mama. Zilikuwa darini, huko juu ya kitanda, moto ulianzia huko."

Jamaa akadakia: "Umesikia, mke wangu? Ulianzia kwangu! Kwangu kabisa! Fundi wa watu hana kosa!"

Fundi hahami!! Nimemwacha anafuta machozi kwa kicheko, anauliza kama mama mwenye nyumba ashonewe gauni la kuendana na shanga zake.