Papa, Fanfare Ilikataa Kumpigia Bahati

Papa,

Bahati yuko hai, na amenenepa. Nakuambia hilo kwanza kwa sababu ndilo linaloniamsha kila asubuhi.

Jumapili walifungua upya sale yetu, ukumbi wetu wa Nyamianda. Sale ambayo babu alitoa kiwanja chake na weye ukapandisha kuta, ili Uvira iwe na mahali pa teatri, pa kwaya, pa wamama kujifunza kusoma. Mule ndani ulimfundisha Bahati kupuliza tarumbeta. "Pumua na tumbo, mwanangu." Mwanangu, kana kwamba ulimzaa! Vita vilipofika, wenye bunduki wakauliza mwenye sale amejificha wapi, yeye ndiye aliyenyoosha kidole kwenye chumba cha ngoma ulimokuwa. Minye nilikuwa nyuma ya ukuta wa jirani. Nilikiona kile kidole, Papa.

Sasa wamebandika kibao: jina lake, eti ndiye mjenzi. Babu hayumo. Weye haumo.

Waliniomba nilete fanfare, ile bendi yako ya matarumbeta, maana tangu uondoke minye ndiye ninayeiongoza. Nikakubali. Nikavaa vizuri kabisa. Bahati alipovuta kitambaa kwenye kibao, akanigeukia akitabasamu, akingoja muziki. Nikashusha mkono. Wote wakaweka vyombo chini.

Ndipo Mama Sifa, yule uliyemfundisha kusoma akiwa tayari na wajukuu, akasimama: "Bahati, Papa Ruben iko wapi?" Akauliza tena. Watu wakaanza kuuliza pamoja naye, sale nzima, mpaka Bahati akatoka kwa mlango wa nyuma na kurukia pikipiki ya kwanza aliyoiona.

Nilifurahi, nisikudanganye. Nilifurahi mpaka nikajiogopa.

Jana alikuja kwangu na mke wake, akapiga magoti. "Dada, unisamehe." Nikamwambia aende akaseme mbele ya watu alichofanya, kisha atuonyeshe mahali walipokutupa. Akatazama chini. "Ile siwezi." Nikafunga mlango.

Weye ungemsamehe, najua. Ungemwinua, umpe kiti. Minye si weye.

Kwaheri, Papa yangu. Akikimbilia Luvungi, nitamfuata. Akivuka kwenda Bujumbura, nitavuka. Sitamgusa hata unywele. Nitamuuliza tu, sokoni, kanisani, mbele ya watoto wake, mpaka aseme ulipo, nikuzike.

Binti yako,
Neema