Zamu ya Kufuta

Mabawe, 5 Agosti 2025

Baba mpendwa,

Assalamu alaykum, na shikamoo. Mimi mzima wa mwili, roho ndiyo si nzima. Mguu wa mama unaendeleaje?

Ile kazi niliyokusimulia wakati wa Idi imeharibika. Unakumbuka: shule haina uwezo wa kununua mfumo wa masomo, nikatengeneza faili la pamoja kwa zana za bure za mtandaoni. Notisi na majaribio ya biolojia ya Kidato cha Nne vyote humo, na wanafunzi wanaandika humohumo kwa vishikwambi sita, kwa jina moja la darasa. Jana nimelifungua, jeupe! Kazi ya miezi minne, hakuna hata nukta, na mtihani ni Novemba.

Namshuku Kwandu, binti Shibuda wa Murukulazo. Kwao hawana simu, na wiki iliyopita alinisema mbele ya wenzake kwamba faili ni la watoto wenye simu. Nifanyeje?

Mwanao,
Raya


Biharamulo, 7 Agosti 2025

Mwanangu Raya,

Waalaykumu salaam, marahaba. Mguu wa mama yako umepungua uvimbe, ulimi bado. Anasema unahangaika na vishikwambi wakati wenzako wanaolewa.

Mimi nimefundisha kwa chaki miaka thelathini na moja, mafaili yenu siyajui. Ila usimtaje mtu haraka. Kwetu notisi zikifutika kabla ya wakati niliuliza jambo moja tu: nani ana zamu ya kufuta ubao? Hebu uliza na wewe. Barua nampa kondakta.

Baba yako,
Suleman


Mabawe, 23 Agosti 2025

Baba,

Shikamoo. Natumaini nyote hamjambo. Barua yako nimeipata leo. Kondakta aliisahau chini ya kiti wiki mbili nzima. Laiti ingewahi.

Tarehe 11 nilimpeleka Kwandu kwenye kamati ya nidhamu. Alikana, nikamwita mwongo. Akasimamishwa masomo, jina likasomwa mstarini, na mimi kwa hasira nikaandika juu kabisa ya faili: "Kwandu Shibuda amefuta masomo ya wenzake." Baba yake alikuja, akasikiliza, akamchukua. Nasikia wamehamia na ng'ombe upande wa Biharamulo.

Leo nimeuliza swali lako. Akasimama Eustakia, aliyerudi jana kutoka msibani kwao. "Ni mimi, mwalimu. Ilikuwa zamu yangu. Wote walikuwa wameshanakili, nikafuta." Alidhani anasafisha ubao, baba! Na kumbe faili linatunza kila kilichofutwa. Nimebonyeza mara mbili, masomo yote yamerudi.

Lile andiko langu nimelifuta. Nakuomba umtafute Kwandu, umsomee barua hii. Nafasi yake ya mtihani ipo. Naona aibu, baba, hata kula nashindwa.

Mwanao,
Raya


Biharamulo, 31 Agosti 2025

Raya mwanangu,

Salaam. Sisi wazima. Nimempata Kwandu sokoni, anauza maziwa mgando. Nikamsomea barua yako, na nilipofika pale pa faili kutunza kila kilichofutwa, akanikatiza.

"Kila kilichofutwa, babu? Basi na mimi nimo."

Tukaenda steshenari yenye kompyuta. Akaingia kwa jina la darasa, akabonyeza, likatokea andiko lako, tarehe 11, saa tano na dakika nane. Akalisoma kwa sauti, wateja wote wakasikia.

Na mimi niliwaonea watoto, Raya. Ubao ulifutwa, nikasahau.

Anasema kwa barua harudi. Ulimsema mstarini, umsafishe mstarini, kisha uandike palepale ulipoandika.

Baba yako,
Suleman


Mabawe, 8 Septemba 2025

Baba,

Shikamoo. Mwambie mama dawa ya kuchua nimeipata.

Leo asubuhi nimesema mstarini kwamba nilimsingizia Kwandu. Mkuu wa shule amenuna, eti nimewavunjia walimu heshima. Eustakia analia tangu saa hiyo. Kisha nikaandika juu ya faili: "Kwandu Shibuda hakufuta kitu. Nilimsingizia mimi, Mwalimu Raya."

Saa nane mchana nikaona kuna mtu ndani ya faili, kwa jina la darasa. Vishikwambi vyote sita vilikuwa kabatini kwangu, nimevifungia. Kile kimstari cha kuandikia kilikuja kikasimama mwisho wa maneno yangu, kikawa kinawaka na kuzima. Nilisubiri aandike, hata tusi. Hakuandika. Baada ya muda mrefu akatoka.

Kesho nitakwenda kituoni kulisubiri basi litokalo Biharamulo, huenda Kwandu akashuka. Na keshokutwa nitakwenda.

Mwanao,
Raya