Dawa Iliyomkataa Kicheko

Baba Kicheko wangu,

Mwanao amenivuta pua sasa hivi, akacheka mpaka kwikwi ikamshika. Usishtuke, tuko wodini.

Juzi nilimpa dawa ya kikohozi, mara midomo ikavimba, pumzi ikambana. Nikamkimbiza hospitali nikilia, nikidhani nimezidisha kipimo.

Daktari alipomtuliza pumzi akasema, “Hukukosea, mama. Dawa ndiyo imemkataa.” Akawapigia simu palepale wanaosimamia dawa, akawatajia mpaka rangi ya chupa.

Nikamwuliza, “Si ameshapona? Simu ya nini tena?”

“Huyu wako, ndiyo. Je, wa mwenzio atakayepewa hiyohiyo kesho?”

Moyo ukanitulia. Sasa tunasubiri ruhusa tu, na Kicheko keshatafuna kona ya barua yako.

Huyo nesi anaita: “Mama Kicheko, funga virago, mmeruhusiwa!” Ngoja tukimbie kabla hawajaghairi!