Bosi na Laptopu Nyembamba

Shoga, weka kazi chini usome. Dada yangu leo kalipiza kisasi!

Unaikumbuka ile laptopu ndogo, nyepesi kama daftari? Ofisi ilimnunulia yeye, kwa kuwa ndiye anayepanda ngazi za majengo kupima na kuchora. Bosi wake akaitamani, akaichukua. Dada akaachiwa dude la zamani. Miezi minne analibeba, bega linamuuma, na bosi anamcheka: "Zoea, hayo ni mazoezi."

Sasa leo wamekwenda kwa mteja kuonyesha ramani ya zahanati. Kachora dada, jina kaweka bosi. Lake peke yake, shoga!

Bosi akafungua kilaptopu chake kwa madaha. Waya wa projekta ukakataa kuingia. Kimekonda mpaka hakina tundu lake! Anageuza huku, anageuza kule, jasho linamtoka, mteja anatazama saa.

"Mdogo wangu, niazime yako."

Mdogo wangu! Tangu lini?

Dada hakumpa. Alisimama, akachomeka waya kwenye dude lake, akafungua nakala yake ya awali ya ramani, yenye jina lake mwenyewe, akaeleza chumba kwa chumba. Mteja akashangaa: "Kumbe mchoraji ni wewe?"

"Ni mimi, tangu mstari wa kwanza."

Bosi akakifunga kilaptopu chake, kama kamwagiwa maji.

Walipotoka akamvuta pembeni. "Umeniaibisha."

Dada akamjibu, "Hapana bosi, leo nimekuokoa. Kukuaibisha ni kesho, kwa mkurugenzi."

Na barua keshaiandika, shoga. Ninayo hapa mkononi.