Tumepanda Orofa ya Sita, Wambui Ameshuka

Jumatatu jioni. Baridi ya Julai, manyunyu tangu asubuhi, matope mpaka getini.

Mapaja yananiuma. Leo nimepanda na kushuka ngazi za ploti yetu, jengo la nyumba za kupanga, mara saba, mbili kati ya hizo nikiwa na mtungi wa lita ishirini, na sasa naandika nikiwa nimenyoosha miguu juu ya gunia la nguo ambalo hatujalifungua. Tangu jana tunaishi orofa ya sita. Kwa miaka tisa tulikaa chini, mlango wa pili ukitoka getini, na hakuna mtu aliyetufukuza. Mama ndiye aliyeomba tupande.

Nataka kueleza ilivyokuwa. Nataka pia kueleza bila kujipamba, kwa sababu katika haya mimi si mtu mzuri sana.

Orofa ya sita ndiko alikokuwa akikaa Wambui. Ana miaka kumi na minne, yuko Gredi ya Nane, na miguu yake haikuwahi kupata nguvu tangu azaliwe. Kiti chake cha magurudumu kilikuwa kinakaa chini ya ngazi, kimefungwa kwa mnyororo. Kila asubuhi baba yake, fundi wa vitanda, alimbeba mgongoni, akashuka naye orofa zote sita, akamkalisha kitini, akamsukuma hadi shuleni, ndipo akaenda kwenye karakana yake. Saa tisa na nusu alikuwa huko tena kumchukua. Mama yake ni mfanyakazi wa nyumbani upande mwingine wa jiji. Hulala huko huko na huja Jumapili tu.

Sisi tulikuwa tunawaona wakipita. Mama hukaanga mandazi mlangoni kuanzia alfajiri, kwa wale wanaotembea kwenda kazini Indastria, kwenye viwanda. Wambui alikuwa akinyoosha mkono kutoka mgongoni kwa baba yake, na Mama anamwekea andazi moja kwenye karatasi. Hawakuwa wakiongea sana.

Nami nilizoea. Nilimwona mzee wa watu akishuka na binti mzima mgongoni, jasho likimtoka kwenye baridi, na nikaendelea kupiga mswaki.

Wiki tatu zilizopita Baba Wambui aliinua kitanda cha mteja, mgongo ukakataa. Daktari akamwambia asibebe kitu kizito kwa miezi kadhaa. Siku za kwanza vijana wa orofa ya nne walisaidia. Kisha wakapata kibarua cha kuondoka saa kumi na moja asubuhi. Wambui akakosa shule Jumatano moja. Akakosa siku mbili wiki iliyofuata. Halafu akakosa wiki nzima.

Wiki hiyo nzima mimi nilikuwa chini, nyumbani kwa likizo kutoka chuo cha ualimu, nikiandika makala kwenye blogu hii hii. Baadhi yenu mliisoma. Niliiita "Nchi Ninayoitaka." Niliandika kwamba naiota Kenya ambayo mtoto wa hapa kwetu Kware na mtoto wa mtaa wa kifahari wanapata mwalimu sawa, kitabu sawa na nafasi sawa. Nilikuwa nayaamini niliyoandika, na bado nayaamini. Maoni yakamiminika. Mtu mmoja akasema nimemliza.

Wambui pia aliisoma. Alinitumia ujumbe: "Niaje Nekesa. Umeandika vifiti. Lakini umeandika 'madawati zote.' Ni madawati yote, mwalimu."

Nikacheka, nikarekebisha. Sikumuuliza kwa nini anasoma blogu yangu saa nne asubuhi siku ya shule.

Ijumaa jioni nilimsomea Mama maandishi hayo akiwa anakanda unga. Mama husikiliza kwa mwili wote. Nilipofika mwisho akauliza, "Na huyo mtoto wa juu, umemwandika?"

"Mtoto gani?"

"Wambui."

"Mama, hii ni ya nchi nzima."

Akageuza unga, akaupiga ngumi. "Kwani orofa ya sita si nchi?"

Aliufunika unga, akanawa mikono, akajifunga leso, akatoka. Nilimsikia akipanda polepole, kwa sababu ana goti linalomsumbua. Alikaa huko karibu saa nzima. Aliporudi alifunua unga, akaendelea kukanda kama mtu aliyetoka kuazima chumvi.

"Jumapili tukitoka kanisani tunahama," akasema. "Wao wanashuka hapa. Sisi tunaenda kwao."

Niliwaka. Sitaficha. Nilimwambia hawezi kuamua hivyo bila kuniuliza. Nikamuuliza biashara yake itakuwaje. Nikamwambia, "Na goti lako je? Unataka kulemaa?" Nilisema kwa sauti ya mtoto anayemjali mama yake. Ukweli ni kwamba nilikuwa nafikiria maji. Mifereji ya juu hukauka siku nne kwa wiki, na nyumbani kwetu mwenye mikono ya kubeba mitungi ni mimi. Nilijificha nyuma ya goti la mama yangu.

Nadhani alijua. Hakunikaripia. Alianza kukata mandazi kwa kisu na akanieleza jambo ambalo sikuwa nimelisikia hata siku moja, kwa umri wangu huu wote wa miaka ishirini na moja.

Alisema kwao Bungoma shule ya upili ya wasichana ilikuwa ng'ambo ya mto. Aliitwa huko, na alikuwa wa pili kwenye darasa lao la nane. Kiangazi alivuka kwa mawe. Mvua ikija, maji yalifunika mawe, na hakukuwa na daraja. Wavulana wa kijiji walivuka kwa kamba. Wasichana walikatazwa. Muhula wa kwanza alikosa wiki tatu, muhula wa pili akakosa tano. Babu akasema basi, kaa nyumbani, mambo haya yanatuchosha.

"Watu husema sikusoma kwa sababu ya ufukara, na wengine husema sikuwa na kichwa," Mama alisema. "Kichwa nilikuwa nacho. Nilikosa daraja tu, Nekesa. Na kila mtu kijijini aliuona ule mto, kila siku."

Nikachukua kisu cha pili, nikasaidia kukata.

Asubuhi ya Jumamosi Baba Wambui alishuka mwenyewe, ameshika ukuta, kukataa. Alisimama mlangoni bila kuvua kofia.

"Mama Nekesa, sijalala. Siwezi kukufanyia hivi. Wewe ni mama wa watu, una biashara yako hapa."

"Hujanifanyia kitu, Baba Wambui. Kaa chini unywe chai."

"Nitakulipaje?"

"Nani ametaja malipo? Huyo msichana amalize shule. Na mimi nitaendelea kukaanga mandazi papa hapa mlangoni pako, ukikubali moshi."

Alikaa. Alishika kikombe kwa mikono miwili, akakitazama ndani muda mrefu. Kisha akasema atamtengenezea Mama meza nzuri ya kuuzia, ya mbao ngumu. Mama akamwambia, "Meza ingoje mgongo."

Msimamizi wa ploti ndiye aliyetatizika zaidi. Alijikuna kichwa, akasema, "Mama, miaka yote nimesimamia hizi nyumba, watu huniomba kushuka. Sijaona mtu wa kuomba kupanda." Akampigia simu mwenye ploti mbele yetu, akaeleza, akaeleza tena. Tulisikia ile sauti ya upande wa pili ikiuliza, "Kuna nyumba inabaki tupu?" Akajibu hapana. "Basi shida yako ni nini?" Simu ikakatwa.

Jana sasa.

Nilitarajia tutahama wanne: mimi, Mama, Mama Wambui aliyekuwa amekuja kwa siku yake ya mapumziko, na yeyote tutakayemshika shati. Tulipotoka kanisani tulikuta watu ngazini. Sijui ni nani aliyewaambia. Vijana wa orofa ya nne walikuwepo, wamevaa kandambili. Mama mmoja wa orofa ya tatu, ambaye hajawahi kusalimiana na Mama tangu wagombane kuhusu kamba ya nguo, alikuwa amefunga kitambaa kichwani tayari kwa kazi. Wanakwaya wawili walikuja na sare zao. Walijipanga kila baada ya ngazi chache, vitu vikawa vinapita mkono kwa mkono. Vyetu vinapanda, vya kina Wambui vinashuka.

Orofa ya tatu magodoro mawili yalikutana. Hakuna lililoweza kurudi nyuma. Watu wa juu wakapiga kelele, watu wa chini wakapiga kelele, na mgeni mmoja aliyekuwa anajaribu kupita akauliza, "Kwani ploti nzima inahama?" Tulicheka mpaka kijana mmoja akaketi chini. Mwishowe yule mama wa kamba ya nguo akafungua mlango wake, akaamuru, "Leteni moja ndani kwangu, lingine lipite." Magodoro yakapishana sebuleni mwake, juu ya zulia lake.

Wambui alishuka mwisho. Vijana wawili walishikana mikono, wakamtengenezea kiti, naye akawashika mabega. Kila orofa aliyopita aliaga, "Kwaherini, watu wa juu," kama gavana. Alipowekwa kwenye kiti chake cha magurudumu mlangoni petu pa zamani, alikisukuma ndani, akazunguka chumba chote, akatoka nje, akaingia tena. Akatoka. Akaingia. Mama yake aligeukia ukuta, akajifuta uso kwa kanga.

Nimekuwa nikifikiria jambo hilo siku nzima. Miaka kumi na minne, na hakuwahi kutoka nje kwa sababu tu amejisikia kutoka.

Kwa hiyo nirudi kwenye nchi ninayoitaka. Sisemi serikali ipumzike. Nyumba za orofa nane bila lifti hazikuota zenyewe kama uyoga. Kuna mtu aliyekubali ramani. Nataka shule zenye njia ya magurudumu, walimu wa kutosha, vitabu visivyosomwa na watoto watano kwa zamu. Nikihitimu nataka kuajiriwa nifundishe hapa hapa Eastlands, si kwingine. Hayo yote nitaendelea kuyadai.

Lakini nilikuwa nadai huku nimeketi kwenye nyumba ya chini.

Mama yangu hajui blogu ni nini hasa. Husema "zile barua zako za simu." Na bado ndiye mtu wa kwanza niliyemwona akichukua neno usawa, akaliinua na kulipandisha ngazi na goti bovu. Leo alfajiri aliamka saa kumi, akashuka na ndoo ya unga, akawasha jiko lake mlangoni kwa kina Wambui. Nilimfuata na mafuta. Sikulalamika. Naomba hilo liandikwe.

Ilipofika saa kumi na mbili na nusu nilikuwa nimepanda tena, nikachungulia kutoka roshani. Sikuwa nimewahi kuona mtaa wetu kutoka juu. Mabati ya Indastria yalikuwa yamelowa, na watu walikuwa wengi kwenye vichochoro, wote wakielekea upande mmoja. Kisha geti letu likafunguka na Wambui akatoka. Baba yake alikuwa nyuma yake, mikono mfukoni, anatembea tu kama baba yeyote anayemsindikiza mtoto. Penye matope mazito mtu mmoja aliyekuwa anapita alimsukuma Wambui kidogo, akaendelea na safari yake. Niliwatazama mpaka wakapinda kona.

Nililia. Sitasema zaidi ya hapo.

Nilidhani hadithi ingeishia hapo, ingekuwa nzuri. Lakini jioni hii nilipopita na mtungi, Wambui aliniita. Alikuwa mlangoni, daftari mapajani.

"Nekesa, ngoja. Unajua Gredi ya Tisa iko wapi kule shule yetu?"

"Wapi?"

"Juu. Orofa ya pili. Nimemuuliza mwalimu leo mwaka ujao itakuwaje. Ameniambia tutaona."

"Tutaona maana yake nini?"

"Wewe ndiye mwalimu. Niambie."

Niliweka mtungi chini. Alikuwa ananitazama bila huruma, vile yeye hutazama watu. Akasema baba yake ni mpole mno, akienda ofisini atakubali kila atakachoambiwa na kushukuru. Mama yake hawezi kupata ruhusa katikati ya wiki.

"Si watabadilishana tu?" akasema. "Gredi ya Tisa ishuke, wengine wapande. Hata Mama yako ameweza. Mtu aende akawaulize tu. Lakini aende saa hii, kabla hawajapanga madarasa."

"Unataka niende mimi?"

"Nataka twende wote. Mimi nitaongea. Wewe uwe mtu mzima."

Nimekubali. Nimemwambia Mama, naye amesema atatufungia mandazi sita kwenye karatasi, kwa sababu hakuna anayeingia ofisini kwa watu mikono mitupu. Nimejaribu kumweleza kwamba hiyo inaweza kuonekana kama hongo. Amenijibu kwamba hongo haiwi ya mandazi.

Ninaogopa kidogo. Huko chuoni wametufundisha kusimama mbele ya wanafunzi arobaini, hawakutufundisha kusimama mbele ya mwalimu mkuu na kumwambia ahamishe darasa. Itakuwaje akisema hapana? Nadhani tutamuuliza mara ya pili.

Blauzi nimeshaipiga pasi. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nitakuwa getini, na Wambui amenionya kwamba yeye hangoji watu wa juu.