Kisima cha Bi Somoe Kimewaka

Jumanne jioni, Namungo, 2008

Sionyeshi tena hadharani dawa yangu ya kupimia maji ya visima, wala taa yake. Nilisema wazi mbele ya watu: maji yakiwaka kijani kwenye taa hii yana zebaki, msinywe. Wachimbaji wakatazamana. Huku zebaki ndiyo inayokamata dhahabu kwenye karai, basi wakajumlisha wenyewe: penye zebaki pana dhahabu.

Kisima cha Mzee Chitanda kiliwaka. Akapigiwa vigelegele! Kufika adhuhuri alishakizungushia miiba na kuweka mlinzi.

Cha jirani yake, Bi Somoe, hakikuwaka. Nikampongeza. Akaniangalia kama nimemtukana.

"Mwanangu, umenipimia harakaharaka. Mwenzangu ulimtilia matone mangapi?"

"Mama, maji yako ndiyo mazuri kuliko yote hapa."

"Basi nipe hayo mabaya."

Nikacheka. Hicho ndicho kinachonikera sasa, kwamba nilicheka.

Jioni hii, nafunga sanduku langu, amekuja na chupa nyingine, meno yote nje. Nimetia dawa, nimewasha taa. Kijani cha namna ile sijawahi kukiona, mpaka uso wake uling'aa. Nikamuuliza amefanya nini.

"Kaka yangu mchimbaji kanisaidia. Kizibo kimoja tu cha soda."

Zebaki. Kisimani. Kwa ajili ya taa yangu.

Nimemkataza, nimefoka, karibu nipige magoti. Ameitikia kila neno kwa adabu, kisha akaniachia birika la chai ya maji ya kisima chake, ya kunishukuru.

Hii sihitaji kuipima.